Makala ya Rai na Mwandishi Asiye na Mwajiri

Mwaka 1954 lugha ya Kiswahili ilipata vitabu viwili vya kumwongoza mtu atakaye kuandika. Kimoja kilikuwa cha Sheikh Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Cha pili kilikuwa Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert. Tangu hapo mtunga mashairi amekuwa na sheria za kuzishika au kuzivunja, na mwanafunzi wa insha amekuwa na kielezo cha kufuata. Mwandishi wa namna ya tatu, yule aandikaye rai yake gazetini juu ya jambo la jana na la leo, hakupata kitabu chake. Amejifunza kwa kuokota hapa na pale. Na mtu akizisoma kwa makini kurasa za maoni za magazeti yetu, huona bayana ni nini kilichookotwa, na wapi.

Nakusudia kumtazama mwandishi huyo, hasa aliye wa kujitegemea: asiye na meza katika chumba cha habari, asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi, ambaye hupeleka kazi yake kwa mhariri kisha akangoja. Wahakiki wetu wameipita kimya kazi yake. Tumehakiki riwaya, tamthilia na ushairi; makala ya gazeti tumeyaacha yakafungie karanga. Walakini watu wengi wasiosoma riwaya hata moja kwa mwaka husoma makala ya rai kila juma, na humo ndimo wanamojifunza jinsi Kiswahili kinavyoweza kutumika kubishana juu ya mambo ya nchi. Iwapo makala hayo ni dhaifu, basi mabishano yetu nayo ni dhaifu.

Mwalimu wake wa kwanza ni insha ya shule. Kila aliyepita darasani anaijua: huanza kwa kueleza maana ya neno, huendelea kwa faida tano, hufuata hasara tano, halafu huja methali. Mtahini hana haja ya kujua mtoto anaamini nini. Ana haja ya kujua kama anaweza kupanga aya na kuepuka makosa ya tahajia. Kwa kazi hiyo insha ya shule ni chombo kizuri. Ubaya huanza mtu mzima anapoipeleka gazetini. Ndipo tunaposoma kwamba maji ni uhai, kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, na mwishoni kwamba Serikali pamoja na wadau wote hawana budi kulitazama suala hili kwa jicho la pekee. Sentensi kama hiyo haina adui duniani. Waziri aweza kuisoma akafurahi, na mpinzani wake aweza kuisoma akafurahi vile vile, na kesho yake kila mmoja akaendelea na alilokuwa akilifanya.

Mwalimu wa pili ni marehemu Shaaban Robert mwenyewe, na hapa yanipasa kusema kwa uangalifu, kwa kuwa simjui mwandishi wa nathari ya Kiswahili anayestahili heshima kuliko yeye. Insha zake zina mizani ya ndani: sentensi huinuka na kushuka kwa kipimo, neno huitwa na neno mwenzake, na fikira hutembea bila kukimbia. Lakini mambo aliyopenda kuyaandikia ni yale yasiyochakaa, yaani tabia, wajibu, wema na ubaya wa moyo wa binadamu. Humsemesha msomaji kama mzee aliyekaa na vijana jioni, na katika mazungumzo ya namna hiyo kijana hujibu kwa kuitikia. Mwandishi mchanga akiichukua sauti ile bila ya miaka ile, na bila ya mambo yale, hupatwa na kichekesho. Kijana wa miaka ishirini na mitano aandikapo juu ya nauli za daladala kana kwamba ameyaona yote ya ulimwengu, msomaji hutabasamu na kufungua ukurasa wa michezo.

Tena kuna jambo moja juu ya Shaaban Robert ambalo wanaomwiga husahau kulipima. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali. Mkate wake ulitoka katika ukarani. Hakulazimika kumwuzia mhariri jambo la Alhamisi kabla ya Ijumaa. Utulivu wa insha zake ni kipawa, hapana shaka, lakini yamkini ni utulivu pia wa mtu ambaye chakula chake cha kesho hakikutegemea insha ya leo. Nitalirudia jambo hili.

Mwalimu wa tatu wamemsahau, na kwa maoni yangu ndiye aliyewafaa zaidi. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa zake zilikuwa wazi kwa barua na mashairi ya wasomaji. Humo na katika magazeti yaliyofuata ilisitawi desturi ya kujibizana: mtu huuliza au hudai jambo katika shairi, na mwenzake wa mji mwingine humjibu, aghalabu kwa vina na mizani vile vile. Anayejibu kwa vina vya mwenziwe hawezi kujifanya hakumsikia. Sharti ayashike maneno ya mwenziwe, ayapime, ndipo ayapindue. Hii ni adabu na ni ufundi pamoja, na ndiyo inayokosekana katika makala mengi ya leo, ambamo mpinzani huitwa “baadhi ya watu”, husemeshwa upuuzi ambao hakuusema, kisha hushindwa kwa urahisi mkubwa.

Watu hupenda kusema kwamba ukurasa wa maoni tumeletewa na wageni. Ule mashuhuri wa gazeti la The New York Times, uliowekwa mkabala na ukurasa wa tahariri ili watu wasio waajiriwa wa gazeti wapate mahali pa kusema, ulifunguliwa tarehe 21 Septemba 1970. Wasomaji wa Mambo Leo walikuwa wamekwisha kupata mahali pao karibu miaka hamsini kabla yake. Si haki, hata hivyo, kuisifu desturi yetu kupita kiasi. Mambo Leo lilikuwa gazeti la Idara ya Elimu ya serikali ya Mwingereza, na mipaka ya maswali yaliyoweza kuulizwa humo ilijulikana. Ndiyo maana Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alianzisha gazeti lake mwenyewe, Kwetu, mwaka 1937. Mafunzo ya kujibizana tuliyapata katika nyumba ya serikali. Mambo ya kujibizania ilibidi tuyatafutie nyumba nyingine.

Rai, basi, ni nini? Nathubutu kusema kuwa ni dai ambalo mtu mwenye akili timamu na nia njema aweza kulikataa. Penye dai lisilokatalika pana mahubiri au pana tangazo. Nitachukua mfano mmoja na kukaa nao, maana kanuni bila mfano humpotezea mwanafunzi siku nyingi.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo watu wa mjini wakiiita rambo. Kenya ilikuwa imetangulia, tarehe 28 Agosti 2017. Tuseme mwandishi wetu ataka kuandika juu ya marufuku hiyo. Makala yake ya kwanza yataanza: mazingira ni urithi wetu. Tukimwambia kuwa hapo hapana rai, ataandika ya pili: marufuku ni jambo jema, ila utekelezaji wake una changamoto. Haya ni afadhali kidogo kwa sura tu. Kwa kweli mwandishi amepanda juu ya ukuta na kukaa. Tumshushe. Yeye mwenyewe, aendapo sokoni, aona nini? Baada ya kufikiri asema: marufuku ile iliutoa mzigo wa bei ya mfuko kwa mwuzaji ikautia kwa mnunuzi, na mnunuzi aliyeumia ni yule anunuaye kidogo kidogo, fungu la nyanya leo, fungu la dagaa kesho. Hapo sasa pana dai. Pana mtu atakayekasirika, na pana mtu atakayesema, naam, ndivyo.

Sasa na aje mpinzani, tena asimame kwa nguvu zake zote. Atasema kwamba rambo haikuwa ya bure hata siku moja. Ililipiwa na mtaro ulioziba, na maji ya mvua yaliyokosa njia yakaingia katika nyumba za mabondeni. Na akaaye bondeni ni huyo huyo anunuaye fungu la nyanya. Jibu hili ni zito. Mwandishi dhaifu atalificha, au atalitia mwishoni kwa maneno matatu. Mwandishi aliyejifunza kujibizana ataliweka katikati ya makala yake, kwa maneno ambayo mpinzani mwenyewe angeyakubali, kisha aseme kama bado anashikilia dai lake na kwa sababu gani.

Na hawezi kuijua sababu kwa kukaa nyumbani. Sharti aende gengeni, asimame tangu asubuhi hata adhuhuri, ahesabu: wangapi wamekuja na kikapu, wangapi wamenunua mfuko mbadala na kwa bei gani, wangapi wameondoka na nyanya katika pindo la khanga. Hesabu ya genge moja si takwimu za taifa, wala asijidai kuwa ni hivyo. Lakini ni kitu alichokiona, na hakuna mwandishi wa mshahara awezaye kumpokonya. Tena yawezekana hesabu ikamgeuza. Akiwa pale aweza kuona mifuko myembamba ya vifungashio, iliyoachwa na sheria kwa ajili ya kufungia bidhaa tu, ikifanya kazi yote ya rambo chini ya jina jingine. Akiliona hilo, dai lake la kwanza halifai tena, maana mnunuzi mdogo hakuachwa bila mfuko. Na dai jipya, jema zaidi, limemjia lenyewe: kwamba sheria iliondoa jina na kukiacha kitu. Rai iliyo bora aghalabu ndiyo ya pili, ile ambayo mtu hakutoka nayo nyumbani.

Wapo watakaosema kuwa mfano wa mifuko ni mdogo. Basi nitaje maandishi mawili makubwa. La kwanza ni Tujisahihishe, kijitabu alichokiandika Julius Nyerere mwaka 1962, mwaka ambao aliacha uwaziri mkuu mwezi Januari akawa Rais mwezi Desemba. Wengi wamekisoma kwa ajili ya siasa. Mimi nakisoma kama kazi ya nathari. Kiswahili chake ni cha mazungumzo, sentensi zake ni fupi, na makosa ayatajayo si ya wakoloni waliokwisha kuondoka, ni ya wanachama wenzake walio hai na wenye masikio. Hoja yake mojawapo ni kwamba ukweli haubagui adui wala rafiki. Likisemwa peke yake neno hilo laweza kuwa la insha ya shule. Kinacholiokoa ni kuwa amewaambia watu wake mwenyewe, wakati wa furaha ya uhuru, watu ambao wangeweza kumjibu. Hata hivyo mwanafunzi asidanganyike na wepesi wa lugha ile. Nyerere aliandika akiwa na chama kilichokuwa hakina budi kumsikiliza. Mwandishi wa kujitegemea hana chama. Itambidi athibitishe lile ambalo Mwalimu aliweza kulitaja tu.

La pili ni Kenya: Twendapi?, waraka wa Abdilatif Abdalla wa mwaka 1968. Mwandishi wake alikuwa kijana wa Mombasa wa miaka ishirini na miwili, hana cheo, na waraka ulitolewa pasi na jina lake. Tazama anwani peke yake: ni swali, tena la nafsi ya kwanza wingi. Haisemi “Kenya yapotea”. Yawauliza Wakenya waendako, naye yu miongoni mwao. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Wahakiki tumeyasoma mashairi hayo mara nyingi, na ni haki yetu; lakini waraka uliomfikisha huko twautaja kama tukio la maisha yake, si kama maandishi. Naona hapo tumekosea daraja. Waraka ule ni makala ya rai, na pengine ndio makala ya rai ya Kiswahili yaliyomgharimu mwandishi kuliko yote tunayoyajua.

Simwambii mwandishi mchanga atafute gereza. Lakini yapasa ajue ardhi anayoikanyaga. Nyerere mwenyewe, mwaka 1958, alitiwa hatiani kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika Sauti ya TANU, akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, akalipa. Katika zama zetu Tanzania ilitunga Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitamka kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 sheria ikarekebishwa. Mwajiriwa wa gazeti akishtakiwa huenda gazeti likamwekea wakili. Wa kujitegemea huenda mahakamani na shati lake. Ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu vikapu kwa macho yake badala ya kuandika “inasemekana”. Neno hilo huonekana kama ngao, na mbele ya hakimu halimkingi mtu.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, haitoki mahakamani. Yatoka katika bahasha. Magazeti mengi hulipa makala ya nje kidogo sana au hayalipi kabisa, na mtu ambaye hana mshahara huona haraka kwamba wapo wengine walio tayari kulipa: mwanasiasa, mwenye kampuni, mwenye kesi. Hawamwombi aseme uongo. Humwomba achague jambo fulani juma hili, aache jambo fulani juma lijalo. Makala hutoka yakiwa na jina lake, yana hoja, yana hata mpinzani. Ila rai imekwisha kununuliwa kabla ya kuandikwa, na msomaji hakuambiwa. Hicho ndicho ninachokiona kuwa hasara kubwa, kwa sababu jina la mwandishi wa kujitegemea ndilo mtaji wake wote. Gazeti likidanganya, hubaki na mashine na jengo.

Kwa hiyo siafikiani na wale wanaowaambia vijana kwamba mwandishi wa kweli ni yule aishiye kwa kalamu tu. Ushauri huo una fahari, na umewapeleka wengi kwenye bahasha. Narudi kwa ukarani wa Shaaban Robert. Mtu akifundisha asubuhi, akitafsiri mikataba, akisoma prufu za vitabu vya wengine au akiuza simu, kisha akaandika makala mawili kwa mwezi ambayo hakuna aliyeyalipia ila gazeti, huyo yuko huru kuliko mwenye makala manane yenye mabwana manane. Atalalamika kuwa muda hautoshi. Kweli, hautoshi.

Yabaki machache ya kiufundi, nami nitayapita upesi. Mhariri akiishiwa nafasi hukata kutoka mwisho. Basi aliyeliweka dai lake mwishoni, kama msemaji wa mkutanoni, hukatwa kichwa akidhani amekatwa mkia. Barazani salamu ndefu ni adabu, kwa kuwa watu wamekaa na kahawa inakuja. Msomaji wa gazeti amesimama mbele ya meza ya magazeti kituoni, ana shilingi zake mkononi na basi linamngoja, salamu humwudhi. Makala yasiwe na mambo mawili. Majina ya watu, tarehe na kiasi cha fedha vithibitishwe kabla ya kupelekwa, maana wa kujitegemea akikosea mara mbili mhariri haulizi tena. Na barua ya kumpelekea mhariri wazo iseme dai lenyewe kwa sentensi mbili, si kwamba “ningependa kuandika juu ya mazingira”.

Kuhusu mwisho wa makala nina neno moja zaidi. Desturi ya kufunga kwa methali ni nzuri katika hotuba, maana hadhira huitikia nusu ya pili. Katika makala ya rai methali hufunga mlango. Ni kauli ya watu wote, na mwandishi alikuwa ameitwa aseme kauli yake. Akiisha kuitamka methali, msomaji hana la kujibu, maana nani ajibuye wahenga? Afadhali makala yaishe pale hoja ilipoishia, hata kama pana kishimo. Siku chache baadaye huenda mwenye genge akamwandikia mhariri kwamba hesabu ile ya vikapu ilifanywa siku ya Jumatatu, na wateja wake wengi huja Jumamosi jioni, wametoka kazini, mikono mitupu. Hilo ni jibu la haki. Mwandishi na aende Jumamosi, ahesabu tena, na aandike aliyoyakuta.